Pamba ya Upande wa Mboko

Kabla ya habari ya boti kuna habari ya paka, mnivumilie. Nilikuwa na miaka sita, labda saba, hakuna aliyeandika. Jirani yetu alikuwa mama mzee sana tuliyemwita Koko Nyasa, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba za nyavu. Alikaa mlangoni pake, mguu mmoja ameunyoosha, anasugua nyuzi juu ya paja, na paja lile lilikuwa linang'aa kama sahani ya bati, maana nywele zote zilikwisha kwenda na kamba. Alikuwa na paka mweusi. Kila siku akila samaki, kichwa alimpa paka. Mimi niliyemtekea maji, hapana. Mimi niliyemshikia ncha ya kamba nikirudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba, hapana. Paka, ambaye kazi yake ilikuwa kulala. Nawaambia ukweli, nilimchukia paka yule kuliko nilivyopata kumchukia mtu yeyote, isipokuwa mtu mmoja, na huyo nakuja kumsema. Siku moja nilishindwa, nikauliza: «Koko, juu ya nini kichwa unapatiaka paka, mi hapana?» Akacheka mpaka akaachia kamba. «Kwa sababu paka hainiulizake.»

Lakini ndiye aliyenifundisha kusokota. Alinipa nyuzi, akaangalia mkono wangu unavyokwenda, akasema, «Weye ni mutu wa kuume.» Akanionyesha: kamba ya mtu wa mkono wa kuume, mistari yake inapanda upande huu, ya mtu wa mkono wa kushoto inapanda ule. Ukishajua kuangalia, huhitaji kuuliza. Mara moja wavuvi wawili walikuja kugombania kamba mlangoni pake. Koko aliinyoosha kwa kidole tu, akasema hii si ya kwangu, hii ni ya mutu wa kushoto, muirudishie mwenyewe. Wakaondoka. Mi nilikuwa naangalia paka.

Basi nilimkumbuka Koko Nyasa mwezi uliopita, nikiwa nimekaa juu ya jiwe hapa mwaloni Baraka, zinapofungwa boti, naangalia vijana wakivunja boti inayoitwa Watachoka. Boti hiyo ilikuwa imelala mchangani miaka mingi, mbuzi wanazaa ndani yake. Bamama wanaokausha samaki waliomba mbao kwa moto wao, na warithi wakakubali. Mbao ya zamani iliyokunywa mawese inawaka vizuri, kweli. Kijana mmoja alinisalimia: «Muzee Kashindi, unalia boti?» Nikamwambia moshi. Akasema moto bado hawajawasha. Batoto wa siku hizi wana macho. Nilikuwa nalia, ndiyo, lakini si juu ya boti. Nilikuwa nimeshika mkononi kipande cha pamba kilichotoka kati ya mbao mbili, na kile kipande njo kinanifanya niandike haya, mimi niliyeacha shule darasa la tatu.

Niwaeleze kazi yetu. Boti ya mbao si kitu kimoja, ni mbao nyingi zilizokubali kukaa pamoja. Kati ya mbao na mbao kuna mwanya, na mwanya unazibwa na pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mawese, unaipigilia ndani na patasi butu na nyundo ya mti, halafu juu unapaka gudroni ya moto, ile lami nyeusi. Ukipigilia kidogo, maji yanaingia. Ukipigilia sana, mbao inafunguka mbele, na maji yanaingia mahali pengine yakikucheka. Mwenye boti, Mzee Ramazani, mtu wa familia za Waislamu wa hapa mwaloni, alikuwa na sharti lake ambalo sijaliona kwa mwingine: fundi aliyeweka pamba alale juu ya pamba yake mwaka mzima. Si kijijini, si kwa mke wake; ndani ya boti, chini kabisa, mgongo juu ya mbao alizoziba mwenyewe. Kama alidanganya kazi, maji yamfikie yeye kwanza. Alisema hivyo bila kucheka, kwa sababu mdogo wake alikufa maji mbele ya Ubwari ndani ya boti ya fundi aliyelala kwake.

Mafundi tulikuwa wawili. Mimi nilichukua upande wa Mboko, mwenzangu upande wa Kazimia. Tuliita hivyo kwa sababu boti ilipofungwa hapa Baraka, pua ikiangalia nchi kavu, ubavu mmoja uliangalia Mboko na mwingine uliangalia Kazimia. Na majina yakabaki hata tukiwa safarini tumegeuka, mpaka abiria walitushangaa. «Njoo huku upande wa Mboko, mama.» «Mboko tumeiacha nyuma, weye!» Mwenzangu aliitwa Wilondja. Alishuka kutoka vijiji vya baridi huko milimani, ziwa aliliona akiwa tayari mtu mzima, na hilo lilikuwa la kwanza kuniudhi. Mimi nilizaliwa nikinusa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Yeye alizaliwa na ukungu na maharagi. Na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alifanya kila kitu kwa kushoto, isipokuwa kula. Kwenye sahani alikula kwa kuume, kwa heshima ya wenzake, polepole, matonge yakimvunjikia, na mimi niliutumia ule upole wake kula haraka.

Mwaka ule tuliishi ndani ya boti kama panya, na panya nao walikuwepo. Asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kumwaga maji juu ya mbao za pembeni, maana zikikauka kwa jua zinapungua na pamba inalegea. Kisha kukwangua majani ya ziwa chini ya maji, kuangalia misumari iliyoota kutu, kuchemsha gudroni juu ya mbabula ya makaa. Jioni tena maji. Nguo zetu zilikaa juu ya kamba kati ya boti na nguzo, na shati jeupe la Wilondja lilikuwa pale kila Jumamosi, kwa sababu Jumapili aliimba kwaya kwa Waprotestanti, sauti ya chini. Mimi ni Mkatoliki, sikwenda kumsikia. Lakini sauti ilifika mpaka mwaloni. Niliionea wivu sauti. Nililionea wivu shati. Nilimwonea wivu hata usingizi, alilala mara moja, kama mtu aliyezimwa, na mimi nilibaki nasikiliza upande wangu: tii, tii, tii, tone moja moja.

Kwa maana upande wangu ulilia. Si sana. Lakini kila asubuhi Mzee Ramazani alikuja amekunja suruali, anashuka tumboni mwa boti, anatia kiganja upande wa Mboko, anatia kiganja upande wa Kazimia, anakitazama. Kisha anapanda nje. Adhuhuri mke wake, Mama Zaituni, alileta beseni la chakula kichwani: bugali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na samaki mzima, mara nyingi kuhe. Tulikula wote wanne nyuma ya boti kwa sababu Mzee alisema hapo ndipo lubunga yetu, mahali pa wanaume kukaa na kuelewana, ingawa Mama Zaituni alikaa pia na kusema kuliko sisi wote. Na Mzee mwenyewe aligeuza sahani mpaka kichwa cha samaki kikamwangalia fundi ambaye upande wake ulikuwa mkavu. Huyo njo alikula kichwa. Miezi mitano kichwa kilimwangalia Wilondja. Miezi mitano! Alinigawia shavu la samaki kila siku, akilisukuma kwa kidole bila kuniangalia, na nililila, na kila tonge lilinipita kooni kama mfupa. Mama Zaituni aliona uso wangu siku moja, akasema, «Kashindi, ile samaki haikukufanyia kitu. Ilikufa zamani.» Wakacheka. Mi nilicheka kuliko wote.

Nilianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri kukausha upande wangu na kitambaa. Nilikikamua nje, nikarudi, nikalala juu ya mbao zenye unyevu nikijifanya nakoroma. Mzee alitia kiganja, akakitoa, akakinusa. «Leo Mboko imeoga na kitambaa,» alisema. Aibu yake naisikia mpaka leo hapa shingoni.

Kisha siku moja adhuhuri, jua kali, nilikuwa nimelala chini tumboni, wao hawajui. Mzee na mke wake walisimama mchangani karibu na pua ya boti. Mbao inapitisha maneno vizuri kuliko maji.

«Boti ya pili ikiisha utapatia nani?» aliuliza Mama Zaituni. Boti ya pili ilikuwa inachongwa nyuma ya nyumba yao, kubwa kuliko Watachoka, na fundi mkuu wake angekuwa juu ya mafundi wengine, angechagua mbao, angelala kwake.

«Nangojea mwaka uishe.»

«Unangojea nini? Wilondja iko na mukono.»

«Na Kashindi?»

«Kashindi iko na mudomo. Ni muzuri, anatuchekeshaka. Ukitaka boti ya kuchekesha watu, mupatie.»

Nilisikia pumzi ya Mzee, pumzi ya mtu anayezuia kicheko. Mnaona? Kama angenitukana ningesahau. Alikuwa na haki, njo shida.

Mwezi wa sita au wa saba hivi, upande wangu ukaacha kulia. Hivi tu. Niliamka, nikashika kitambaa, nikatia mkono: kavu. Kesho yake, kavu. Niliamini mkono wangu umekomaa. Nilitembea mwaloni kama mtu aliyeoa. Nikawaambia mafundi wa boti za jirani namna ya kupigilia pamba, na wao, maskini, walisikiliza. Mzee alitia kiganja pande zote mbili, akaita mke wake aone. Adhuhuri ile aligeuza samaki akashindwa ageuzie wapi. Mwisho akakivunja kichwa katikati. «Kila mutu jicho moja,» alisema. Mngefikiri nilishiba. Sikushiba. Nilipokuwa chini yake niliota siku ya kuwa sawa naye. Tulipokuwa sawa niliona jicho lake ni kubwa kuliko jicho langu. Na yeye akanitabasamia, ana mawese mpaka kwenye kiwiko. Nakumbuka nilijiuliza moyoni, huyu anajipaka mawese ya kazi ili ngozi yake ing'ae kwaya? Nilimwonea wivu kiwiko.

Sasa niwaambie cha mwezi uliopita. Vijana walipobandua mbao za upande wa Mboko, pamba ilining'inia, nyeusi ya gudroni kwa nje, ndani bado ya njano. Niliomba kipande nijisifu kidogo, niwaonyeshe kazi ya zamani. Nikakikwangua na ukucha, nikakinyoosha kwa kidole kama Koko Nyasa. Mistari ilipanda upande wa kushoto. Nikaomba kingine. Kushoto. Niliwasumbua vijana wale mpaka wakafikiri mzee anapungukiwa akili, nikaenda kwa magoti mbao kwa mbao, na kuanzia katikati mpaka nyuma, mahali pote palipokuwa panalia, pamba ilikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto. Alitoa yangu, akaweka yake. Lini? Mchana, nikiwa nimeenda kunywa pombe ya kasiksi na kufundisha wengine. Mawese mpaka kwenye kiwiko. Hakusema kwa Mzee, hakusema kwangu. Angeuacha upande wangu ulie, angekula kichwa kizima mpaka mwaka uishe, na boti ya pili ingekuwa yake bila kushindana. Nimeuliza habari zake Uvira, nimeuliza Kalemie, watu wa Kigoma pia. Hakuna anayemjua. Na ningempata ningemwambia nini? Kwamba nimeona? Baada ya miaka yote hii nimejifunza kuangalia kamba?

Basi mwaka ule ulibakiza wiki mbili. Mzee alisema tutapakia kwenda Kazimia, mzigo kamili, na hiyo safari njo itamwambia boti ya pili ni ya nani. Jumapili kabla ya safari Wilondja alivaa shati lake akaenda kuimba. Nilibaki peke yangu na Watachoka. Jua lilikuwa la saa nne, watu wanapita, wananisalimia, «Fundi, unafanya kazi siku ya Mungu?» Nikajibu, «Maji nayo haipumuzikake.» Na mikono yangu ilikuwa upande wa Kazimia, chini ya mbao ya tatu, karibu na nyuma. Nilitoa pamba yake, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nikaweka pamba nyembamba, kavu, bila mawese, nikaisukuma kidogo tu na kidole gumba, nikapaka gudroni juu ikawa kama ya kwake. Nawaapia, nilitaka tone. Nilitaka kiganja kimoja cha maji, Mzee akitoe kimelowa, basi. Na pamba ile niliisokota juu ya paja langu kama nilivyofundishwa. Ningeweza kuisokota kinyume. Haikunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza wimbo, unafika kutoka kanisani, na ile sauti ya chini.

Jumatatu tukaondoka asubuhi, magunia ya unga wa muhogo, bidoni za mawese, bamama kumi na batoto wao, Mzee mwenyewe kwenye usukani. Ziwa lilikuwa zuri mpaka tukapita ncha ya Ubwari. Huko nje wimbi si kubwa, lakini ni refu, linapiga boti chini ya mbavu. Nikasikia kitu kimetoka, puu, kama mtu anatema kokwa la embe. Mama mmoja wa unga akapiga kelele: «Kapteni! Miguu yangu iko nakunywa maji!» Mwenzake akasema akae, ni maji ya wimbi tu. «Wimbi gani? Unga yangu inageuka bugali bila moto!» Wakacheka bado. Halafu maji yakafika kwenye magoti ya batoto, na kicheko kikaisha, wakaanza kuimba na kusali, kila mtu kwa dini yake. Tulikumba maji na makopo, na sahani, na beseni la Mama Zaituni. Mzee alikuwa rangi ya majivu, anaangalia maji ya Ubwari, na nilijua anamwona nani humo. Wilondja alishuka chini, akatafuta na vidole, akapata. Akavua shati la kwaya, alilokuwa amelivaa kwa safari, akalisukuma lote kwenye mwanya na patasi, halafu akalala kifua wazi, mgongo wake juu ya lile shati, miguu ameikaza kwenye mbao ya mbele. Alikaa hivyo mpaka Kazimia. Masaa mawili, labda matatu. Maji yalimfika masikioni. Mi nilikumba maji karibu na kichwa chake, na hakuniambia kitu ila kimoja: «Polepole, ndugu. Utachoka mbele ya kufika.»

Kazimia tulivuta boti mchangani, bamama wakateremka wakilaani unga na kumshukuru Mungu katika pumzi moja. Wilondja alipiga magoti, akatoa shati, akatoa na kipande cha pamba kilichobaki kwenye ncha ya mwanya. Akakiweka juu ya kiganja. Akakinyoosha kwa kidole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kopo mkononi, nikaona anachokiona, mistari inapanda upande wa kuume, nikajua hapo hapo, kwa mara ya kwanza, nilichokifanya. Kilikuwa kidogo kama kiwavi.

Mzee Ramazani akaja. Sauti yake ilikuwa chini. «Wilondja. Ni nini ile?»

«Ni pamba, muzee.»

«Nani aliweka?»

Wilondja alifunga kiganja. Alitazama ziwa, hakunitazama mimi. Nilifungua kinywa, na niwaambie ukweli, nilikifungua kwa kusema. Mwaka mzima mdomo wangu haukupumzika, siku ile ulipumzika.

«Ni upande wangu, muzee,» alisema. «Mi njo nalalaka pale.»

Mzee akatikisa kichwa. «Basi boti ya pili ni ya Kashindi,» alisema, na hakufurahi, na akaondoka kwenda kuwaomba bamama msamaha. Wilondja aliniomba mawese. Nikampa. Akasokota pamba mpya juu ya paja lake, akaziba mwanya wote, akapaka gudroni, akapitisha kidole mwanzo mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono ziwani, akafuta patasi yake, akaiweka juu ya mkeka wangu pamoja na nyundo. «Usisahau kumwagia maji upande wa jua,» alisema. «Asubuhi na jioni.» Nikafikiri anaenda kutafuta shati lingine.

Mama Zaituni hakuwa nasi. Watu wa Kazimia walituletea sahani, bugali na kuhe mkubwa. Mzee aligeuza kichwa kikaniangalia. Wilondja alikuwa anapanda mchanga, kifua wazi, anapita kati ya ndagala waliotandazwa juani, anaruka kwa uangalifu asiwakanyage, na mama mmoja alivuta beseni lake ili apite. Mzee akauliza, «Anaenda wapi? Chakula si iko hapa?» Nikasema atarudi. Nikakigeuza kichwa kikaangalia mahali pake, nikangoja. Bugali ikapoa. Inzi wakaja wakakaa juu ya jicho. Niliwafukuza, nikangoja tena. Hakurudi.